Sumaku ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio pale Garsen. Nikiwa darasa la nne alinipa sumaku ya spika iliyopasuka. Tulipokwenda Kipini kuwaona jamaa, kule Mto Tana unakoingia baharini, niliifunga kamba nikaiburuta mchangani. Ilirudi imeota ndevu nyeusi. Mchanga wa ufuo ule, kushuka hadi Malindi, umechanganyika na madini mazito ya chuma na titaniamu, na sumaku huyachambua punje kwa punje. Kazi ilikuwa kuzibandua. Nilikwangua kwa kucha, nikapuliza, nikaosha, wapi! Niliporudi Garsen nikamlalamikia mjomba.

"Ifunge kitambaa kwanza, mjomba," akaniambia. "Ukitaka zidondoke, vua kitambaa."

Nimefanya kazi ya kemia miaka mingi tangu siku hiyo, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kitambaa kile.

Nyumbani tulikunywa maji ya mto. Msimu wa mafuriko yalikuja mazito, rangi ya udongo. Mama alichukua kipande cha shabu, akakizungusha ndani ya ndoo, akafunika. Asubuhi maji yametulia na tope limelala chini, ndipo akayateka ya juu na kuyachemsha. Chembe za udongo hubeba chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kubaki zikielea. Alumini iliyomo ndani ya shabu huziondolea msukumo huo, zikashikana, zikazama. Ni kemia nzuri, na mama aliifanya bila kitabu. Lakini shabu yenyewe haikurudi. Ilimwagwa pamoja na tope nyuma ya nyumba, na wiki iliyofuata tukanunua nyingine.

Chuoni nilikuta mambo ni yale yale. Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliikata barabara ya Malindi na Garsen, nikakwama Nairobi likizo nzima, nikaomba kazi ya kusaidia katika maabara moja. Tuligeuza alkoholi kuwa ketoni kwa kutumia kromiamu. Mchanganyiko ulianza na rangi ya machungwa, ukaishia kijani, na kijani kile kikamiminwa kwenye sinki. Kitendanishi kilitumika mara moja tu, basi. Jioni moja nikafungua ramani kutafuta sinki lile linaishia wapi. Mto Nairobi huingia Athi. Athi ikishuka pwani huitwa Galana, kisha Sabaki. Na Sabaki huingia baharini kaskazini ya Malindi, kwa majirani zetu. Sisi tuliozaliwa mwisho wa mto tunajua kwamba kila kinachomwagwa juu kina mtu wa kukipokea chini. Tangu usiku huo sikuweza tena kumwaga kitu na moyo wangu ukatulia.

Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner walitoa kitabu chao chenye kanuni 12 za kemia ya kijani. Ya kwanza inasema ni afadhali kuzuia taka kuliko kuzisafisha baadaye. Miaka sita kabla yao, Roger Sheldon alikuwa amepiga hesabu ya viwanda: kilo moja ya dawa huacha nyuma yake kilo 25 za taka, wakati mwingine zaidi ya 100. Nilisimama kwenye takwimu hiyo muda mrefu. Dawa ya kumtibu mtoto wa Garsen inaweza kuwa imechafua mto wa mtoto mwingine.

Niliposikia habari ya vichocheo vya sumaku, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kwisha, kisha vikarudishwa kwa sumaku, nilikumbuka Kipini papo hapo. Unayeyusha chumvi mbili za chuma katika maji, sehemu moja kwa mbili, kisha unadondosha amonia. Maji ya kahawia hugeuka meusi ghafla: magnetaiti. Chembe zake zina upana wa nanomita kumi hivi, na kwa udogo huo, ukiondoa sumaku, zinasahau usumaku wao na kutawanyika tena bila kugandana. Unazivika ngozi nyembamba ya silika ili asidi isizile, na juu ya ngozi hiyo unapandikiza kichocheo chenyewe, kwa mfano paladiamu, metali ya bei kali.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la naitrofenoli, ya manjano, ambayo hugeuzwa kuwa aminofenoli, na aminofenoli ndiyo inayozaa panadol. Zamani kazi hii ilifanywa kwa vumbi la chuma na asidi, na kuacha marundo ya tope. Mimi nilitia kitendanishi cha kutoa hidrojeni na unga mweusi kidogo. Rangi ya manjano ikafifia, ikaisha. Nikasogeza sumaku kwenye ubavu wa chupa, na unga wote ukakimbilia upande ule. Nikamimina maji, nikaondoa sumaku, na unga ukabaki ndani, tayari kwa kazi nyingine. Kioo cha chupa kilikuwa kitambaa cha mjomba.

Sitaki kuusifu unga huu kupita kiasi. Kila ukitumika unachoka kidogo, na metali huweza kuchuruzika polepole ikaingia katika dawa. Kuutengeneza nako kunahitaji amonia na viyeyushi. Kichocheo kinachorudi mara mbili tu kisha kikafa hakijaokoa kitu. Kwa hiyo mtu akinionyesha kichocheo kipya huwa namuuliza kinarudi mara ngapi, na kilichobaki kinakwenda wapi.

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya watafiti wa chuo cha KTH, Stockholm. Wao walichukua protini ya mbegu za mlonge, mti tulio nao pwani hii, wakaifunga kwenye chembe za magnetaiti ili kusafisha maji: kazi ile ile ya shabu ya mama, ila hii huvutwa kwa sumaku na kurudi.

Walimu wa kemia wa Garsen, Tarasaa, Ngao na Hola, anzeni na mnavyo. Spika mbovu haikosekani kwa fundi, na mchanga wa Kipini hauuzwi. Wapeni watoto sumaku na kitambaa, kisha siku ya maabara wafundisheni kuuliza chupa yao itamwagwa wapi, kabla hawajaifungua.