"Ni Laini ya Wife": Dada wa Chekereni na Vitabu vya Elfu 45

Dada huyu anaishi Chekereni, kule chini ya mji wa Moshi kwenye mashamba ya mpunga. Anajiandaa na mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kombi ya HKL. Vitabu vipya vilimshinda bei. Ndipo akaona picha kwenye grupu la WhatsApp: vitabu sita used, vyote elfu 45, muuzaji yuko Dar.

Hela ilikuwepo. Aliipata kwa kuvunia watu mpunga, kibarua cha siku kadhaa, jua lote mgongoni. Anayesema elfu 45 ni hela ndogo hajawahi kuinama kwenye jaruba.

Muuzaji alikuwa mchangamfu balaa. "Dada yangu usijali, tuma hela, mzigo unapanda basi leo leo." Na presha kidogo juu yake: "Kuna mtu mwingine anavitaka." Dada akaingiza namba, akaweka kiasi, na kabla hajaweka namba ya siri simu ikamwonyesha jina la mpokeaji. Jina la kike! Yeye anachati na kaka. Akauliza, akajibiwa, "Ni laini ya wife."

Inawezekana kabisa. Nyumba ngapi zina laini moja ya pesa inayotumiwa na watu watatu? Lakini matapeli nao wanasema hivyo hivyo. Dada akaghairi muamala.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Kumwambia mtu mzima "sijakuamini" ni kama kumwita mwizi, na wengi wanaolizwa mtandaoni huwa waliona dalili mapema kabisa, wakatuma tu ili wasionekane wana roho mbaya.

Baada ya kuzunguka chumbani weee, akaandika: "Kaka samahani, vitabu navitaka kweli. Nina binamu yangu Kariakoo, naomba aje avione halafu akupe cash mkononi."

Kimya. Tiki mbili za bluu. Dada akajua ndo basi tena.

Jibu lililokuja hakulitegemea: "Afadhali dada. Mwezi uliopita niliona meseji ya malipo nikampa bodaboda mzigo, kuja kucheki salio hamna kitu." Kumbe meseji ile ilitengenezwa, ikatumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu. Yaani wakati dada anaogopa kutapeliwa, kaka naye alikuwa anaogopa vilevile, na laini kweli ilikuwa ya wife.

Binamu akaenda, akafungua kitabu kimoja kimoja. Kimoja kilikosa kurasa, bei ikashuka hadi elfu 40. Akalipa, akapeleka mzigo mwenyewe ofisi ya basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, akaandikiwa risiti yenye jina na simu ya mpokeaji, akaipiga picha na kuituma Moshi. Kesho yake dada akauchukua mzigo stendi. Ile elfu 5 iliyookolewa ikaishia kwenye gharama ya basi, lakini alilala usingizi.

Si kila mtu ana binamu Kariakoo. Asiye naye anaweza kuomba simu ya video, vitabu vifunguliwe mbele yake, kisha alipe nusu baada ya kuona risiti ya basi, na nusu mzigo ukifika. Muuzaji naye aangalie salio lake, maana skrinishoti na meseji vinatengenezwa. Jina likikataa kufanana na maelezo, hela ibaki kwenye simu kwanza. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zina pa kupelekwa: TCRA wanazipokea kupitia 15040, bure.

Muuzaji mkweli akiombwa uhakika anaweza kununa kidogo, ila atakubali, kwa sababu naye anaulizia hivyo hivyo moyoni. Anayekuja juu, anayeapa kwa mama yake na kuhesabu dakika, huyo ameshajibu swali.

Wewe ungemwambiaje kaka wa "laini ya wife"?