Bandua Hiyo Tepu

Kihonda, Morogoro

Mpwa wangu Idrisa,

Goti la mkaza mjomba wako ni lile lile, na mahindi ya Dakawa tumeshayaingiza ndani. Mama yako alinipigia simu juzi usiku kunieleza safari yenu ya Njombe, na katikati ya mazungumzo akasema, kama jambo la kawaida tu, kwamba taa ya injini kwenye gari lako umeibandika tepu nyeusi kwa sababu inamkera mkeo. Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Nikamuuliza gari lenyewe linakwendaje. Akasema siku nyingine unakanyaga mafuta halivuti, ukizima na kuwasha linarudi sawa. Akasema pia yupo kijana huko Tabata anayekuja na kimashine, anaifuta taa, unampa chochote, na baada ya siku chache inawaka tena. Idrisa, huyo kijana anakufutia ujumbe kabla hujausoma. Ugonjwa anauacha ulipo.

Magari tuliyokua nayo sisi yalikuwa na kebo ya mafuta. Ikianza kukatika nyuzi unaiona, ikishika kutu unaisikia nzito mguuni. La kwako halina kebo. Kwenye pedeli kuna sensa mbili, kila moja inapeleka umeme wake kwenye kompyuta, na kompyuta inazilinganisha muda wote. Zikipingana, haiamini hata moja. Inawasha taa ya njano na kuibana injini, maana afadhali gari litambae kuliko lipae lenyewe na watu ndani. Ukizima na kuwasha, inazijaribu upya. Ndiyo sababu unaona kama limepona.

Sikiliza. Mwaka 2011 alikuja gerejini mwalimu mmoja wa kike kutoka Kilosa, anatetemeka. Gari lake lilikuwa na tabia hiyo hiyo ya lako, na taa yake ilikuwa imefutwa na mafundi wa kila mahali. Alipokuwa ametoka Dumila kuja mjini alianza kulipita lori la mahindi, na mbele akaona basi linakuja, mbali, nafasi ipo. Akakanyaga mafuta. Gari likalegea. Pedeli imegusa sakafu, injini inaunguruma kwa chini, yuko sambamba na tairi za lori, na basi linawasha taa kumfukuza njiani. Aliyemwokoa ni dereva wa lori, aliyemwona kwenye kioo akashika breki ili arudi mbele yake. Wanafunzi wake wawili walikuwa kiti cha nyuma.

Nililiweka gari lile kwenye mashine, ufunguo umewashwa, injini imezimwa, nikabonyeza pedeli kwa mkono, polepole kabisa, huku naangalia namba za zile sensa mbili. Zinatakiwa zipande pamoja bila kuruka. Moja ilipanda ikafika katikati, ikaanguka, ikarudi. Nikalala chali chini ya usukani, nikachomoa soketi ya pedeli. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umechoka, maji ya mvua yalikuwa yakishuka kwenye waya tone kwa tone, na pini moja ndani ya soketi ilikuwa imeota kutu ya kijani, imekonda kama uzi. Pini moja tu! Walishamwambia anunue pedeli nzima, anunue na kompyuta. Nilibadilisha pini, nikaziba kioo, nikaitingisha waya injini ikiwa inawaka nione kama namba zitaruka, hazikuruka. Taa haikurudi tena, na hakuna aliyeifuta kwa ujanja.

Sasa wewe unataka kupanda mlima Kitonga na gari la namna hiyo, nyuma ya malori yanayokwenda mwendo wa mguu, mama yako pembeni na mtoto mchanga nyuma. Dada yangu ninaye huyo mmoja.

Jambo la pili ni kapeti. Mama yako alisifia kapeti nene za mpira ulizonunua, umezitandika juu ya zile za zamani. Zitoe zote, ubakize moja iliyofungwa kwenye vishikizo vyake. Agosti 2009, karibu na San Diego huko Marekani, watu wanne wa familia moja walikufa ndani ya Lexus waliyoazimwa na muuza magari, na wapelelezi walikuta kapeti yake ilikuwa ya gari la aina nyingine, imeibana pedeli chini. Toyota walirudisha mamilioni ya magari baada ya hapo. Na aliyekuwa kwenye usukani alikuwa askari wa barabarani, mtu wa kazi. Pedeli ikigoma kurudi, kanyaga breki kwa nguvu zote mara moja na ushikilie. Usiipampu, kwa sababu injini ikiwa imefunguka hivyo breki hupoteza msaada wake na mguu unakuta jiwe. Tia gia N, iache injini ipige kelele, toka barabarani, ndipo uzime. Ufunguo usiuchomoe gari likiwa linakwenda, usukani utajifunga.

Jambo la tatu ni taa zenyewe. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini palepale, hata kama ni porini Mikumi. Ya betri ikiwaka unaendesha, alteneta haichaji. Una muda mfupi. Ya injini ikianza kupepesa, punguza mguu, kuna plagi au koili haichomi.

Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema gereji ni kazi ya waliofeli, na kwenye mahafali yako nilikaa viti vya nyuma na kucha zangu nyeusi. Sikusema neno siku ile. Lakini ada ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye spana hizi, na leo nina haki ya kusikilizwa kwa jambo ninalolijua.

Kwa hiyo fanya hivi. Bandua hiyo tepu leo. Yule kijana akija, asifute kitu; asome tu, na wewe uandike herufi na namba zote zinazotokea. Ikiwa ni P2138, ni sensa za pedeli zinapingana. Ikiwa ni P2135, tatizo liko upande wa throto bodi, wasije wakakuuzia pedeli bure. Nitumie kwa simu. Alhamisi nitapanda treni ya asubuhi nije na mashine yangu na pini za akiba. Gari likae nyumbani mpaka nifike, na usije nalo kunipokea stesheni, nitachukua bodaboda. Nisipolimaliza siku hiyo, mtakwenda Njombe kwa basi, na nauli ya mama yako ni juu yangu.

Mjomba wako,
Salum