Pacha wa ziwa asipolishwa

BUKAVU – Mwisho wa mwezi wa tano 2021, mashua zilifika Bukavu zikiwa zimejaa watu wa Goma. Volkano Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 22, na tarehe 27 gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame. Mama mmoja alishuka na watoto, godoro na sufuria. Moto wa mlimani alikuwa amekwisha kuuona kwa macho yake. Kilichomsumbua ni habari kwamba moto ulikuwa umeingia chini ya ziwa. Aliuliza ni nani aliyeshuka kule kuona.

Hakuna aliyeshuka. Wataalamu walisoma vyombo vilivyowekwa ardhini, vinavyosikia mitetemeko ambayo mguu wa mtu hausikii na kupima jinsi udongo unavyosogea. Namba hizo ziliingia katika kompyuta, na huko wakapima kinachoweza kutokea.

Kazi ya namna hiyo ikifanywa kila siku, bila kukatika, inazaa kile ambacho mashirika mengi leo yanakiita pacha wa kidijitali. Ni mfano wa kitu cha kweli, kama daraja, mashini, mji au ziwa, uliojengwa ndani ya kompyuta. Lakini si sawa na picha. Picha ikishapigwa imekwisha. Pacha hupata habari za ndugu yake kila mara: joto likipanda huku, na kule linapanda.

Wazo lenyewe si la jana. Mwezi wa nne 1970, tangi la oksijeni lilipasuka katika chombo cha Apollo 13 kilichokuwa njiani kwenda mwezini. Wahandisi wa Marekani walikuwa na vyombo vya mazoezi hapa duniani. Wakavipanga vifanane na kile kilichoharibika, wakajaribu humo kila hatua kabla ya kuwaambia wanaanga watatu la kufanya. Wote watatu walirudi wazima.

Ziwa Kivu nalo haliwezi kufanyiwa majaribio. Kina chake kinafika mita 485 hivi, na maji ya chini yamebeba karibu kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za metani. Uzito wa maji ya juu ndio unaoifungia gesi hiyo, kama kifuniko cha chupa ya bia. Kule Kameruni, mwezi wa nane 1986, gesi ilitoka katika ziwa dogo la Nyos usiku mmoja ikaua watu wapata 1,700. Kando ya Kivu wanaishi zaidi ya milioni mbili.

Kwa hiyo majaribio hufanyika ndani ya kompyuta. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt kinavuta maji ya chini, kinatoa metani na kuzalisha umeme wa megawati 26 hivi. Maji yaliyotolewa gesi yarudishwe kwenye kina gani? Yakirudishwa mahali pabaya, yanaweza kulegeza matabaka yanayoishikilia gesi. Swali hilo lilipigiwa hesabu kwenye mifano ya kompyuta, maana kosa la kwenye kompyuta haliui mtu.

Lakini pacha asipolishwa, anakuwa yatima. Kabla ya mlipuko wa 2021, msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, ulikuwa umekwisha. Wataalamu wake walisema hadharani kwamba kwa miezi kadhaa walikosa hata intaneti ya kupokea vipimo. Mlima ulikuwa unasema, lakini hapakuwa na pesa ya kuusikiliza.

Familia zilizohama zinalijua jambo hili kuliko wahandisi. Kambi nazo huchorwa kwenye kompyuta: idadi ya mahema, ya visima, ya watoto. Mwezi wa pili 2025, baada ya vita kuingia Goma, kambi zilizouzunguka mji huo zilivunjwa na watu wakatawanyika. Ramani iliyochorwa mwezi wa kumi na mbili ilikuwa bado ni nzuri machoni, lakini chini ya mahema yake hapakuwa tena na mtu.

Anayekuja na simu kuandika majina anastahili kujibiwa vizuri. Naye anastahili kuulizwa: ni nani atakayerudi kusahihisha, na lini? Ziwa halikulipuka mwaka ule, na yule mama alirudi Goma. Swali lake lingali linangoja kila anayeleta kompyuta: nani anaangalia sasa, siyo nani aliangalia jana.