Mafia, kisiwa ambako neno chuo lina maana mbili

Safari ya kwenda Mafia huanzia Nyamisati, bandari ndogo iliyo katika delta ya Mto Rufiji. Asubuhi abiria hupanda na magunia ya mchele, kuku ndani ya matenga, magodoro yaliyokunjwa na watoto wenye usingizi. Mikoko ikiisha, bahari hufunguka, na wasiozoea mawimbi huanza kutafuta mifuko ya plastiki. Baada ya saa kadhaa minazi ya Kilindoni huonekana, na safari ya watu wa kila aina huishia kwenye gati moja.

Miongoni mwa abiria hao karibu kila mara yupo mwalimu aliyepangiwa kituo kipya, muuguzi anayerudi kutoka likizo, askari, au ofisa wa wilaya. Wengi wao wanatoka bara, na baadhi ni Wakristo wanaokwenda kuishi kwa mara ya kwanza mahali ambako adhana ndiyo saa ya mtaa. Upande wa pili wamo wenyeji, karibu wote Waislamu, wanaorudi nyumbani kutoka hospitali, sokoni au msibani Dar es Salaam. Watakapoteremka, watu hawa watakuwa majirani. Watoto wao watakaa dawati moja.

Hakuna anayeweza kusema kwa asilimia ni wangapi wa dini gani. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kuuliza raia dini yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 66,000 katika wilaya nzima ya Mafia, ikiacha swali la dini nje ya dodoso.

Chuo cha asubuhi, chuo cha mbali

Mzazi wa bara akimuuliza mtoto wa Mafia anasoma wapi, anaweza kujibiwa, “Nimetoka chuo.” Mtoto ana miaka saba. Hapa chuo ni mahali pa kujifunza Kurani: baraza la nyumba, chumba kando ya msikiti, au kivuli cha mwembe, mwalimu akiwa na bakora ambayo mara nyingi kazi yake ni kuonyesha mstari. Watoto huenda kabla au baada ya shule. Wenye kofia na mitandio hukaa mkekani, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja, kila mmoja akisoma sura yake bila kupotezwa na mwenzake.

Chuo cha maana ya pili, chuo kikuu, hakipo kisiwani. Kijana anayefaulu kidato cha sita hufunga begi na kuvuka maji. Kwa mzazi wa Mafia, kwa hiyo, neno hilo moja ni la furaha na huzuni. Chuo cha kwanza kinamweka mtoto karibu na nyumbani. Cha pili kinamchukua.

Mtoto wa mwalimu au muuguzi aliyetoka bara naye huuliza kwa nini wenzake wanakwenda chuo yeye haendi. Jumapili yeye huenda kwenye mafundisho ya watoto kanisani. Jumatatu, wakati wa mapumziko, hukutana na wenzake na kulinganisha: nani ameshika sura ngapi, nani amekariri zaburi gani. Wakubwa huita mazungumzo hayo majadiliano ya dini mbalimbali na kuyatengea ukumbi. Watoto huyafanya chini ya mnazi wakigawana kipande cha muhogo.

Miji miwili iliyojirani vibaya

Mgeni anayetaka kuelewa kwa nini ujirani mwema hauji wenyewe anapaswa kwenda Utende, upande wa mashariki, na kupanda mashua. Hapo ndipo penye lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ng’ambo ya ghuba kipo kisiwa cha Chole, ambako mafundi bado wanaunda vyombo vya mbao na popo wakubwa wananing’inia mitini mchana kutwa kama matunda meusi. Magofu ya majengo ya zamani, likiwemo boma la Wajerumani waliokuja baada ya mkataba wa 1890, yamebanwa na mizizi ya miti. Waingereza waliitwaa Mafia mwaka 1915, wakaitumia kuisaka manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji.

Mbele ya Chole kipo kisiwa cha Juani, na ndani yake magofu ya Kua: misikiti, makaburi, na kuta za jumba lililokuwa la ghorofa. Mji huu ulishamiri katika karne ya 18. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava kutoka Madagaska waliushambulia kwa mitumbwi, wakaua na kuchukua mateka, na Kua haikuinuka tena.

Lakini wazee wana simulizi nyingine ambayo si ya maadui kutoka mbali. Wanasema kulikuwa na miji miwili yenye uhasama, Kua na Kisimani. Siku ya kushusha jahazi jipya majini, mji mmoja uliwakamata watoto wa mji mwingine, ukawalaza mchangani na kulipitisha jahazi juu ya miili yao. Waliofiwa walinyamaza kwa miaka. Kisha wakawaalika wale waliowatendea kwenye harusi, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi, wakapika, wakaimba, na mlango ukajengewa kwa mawe wageni wakiwa ndani.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kisa hicho, na Kisimani yenyewe imeliwa na bahari kwa sehemu kubwa. Ila mzazi anayekisikiliza katikati ya kuta za Kua, akiwa ameshika mkono wa mwanawe, hushtuka kwa mambo mawili. Kwanza, wa kwanza kulipa deni la ugomvi wa wakubwa walikuwa watoto. Pili, miji yote miwili ilikuwa na misikiti. Waliswali kuelekea kibla kimoja. Dini moja haikuwafanya majirani wema. Ujirani mwema ni somo linalohitaji kufundishwa lenyewe.

Vidonge vinavyomezwa kwa kuaminiana

Somo hilo Mafia imelifanyia mtihani mkubwa katika afya. Mwaka 2000, Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, kisiwa hiki ndicho kilichotangulia kugawiwa dawa.

Ugonjwa huo huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Minyoo mikubwa hukaa katika mishipa ya limfu kwa miaka, na vijinyoo vyake huingia kwenye damu. Kwa hapa kwetu vijinyoo hivyo hutoka usiku, ndiyo maana wapimaji huchukua damu kwenye vidole vya watu kuanzia saa nne za usiku. Mgonjwa anaweza kukaa muda mrefu bila dalili. Baadaye mguu huvimba na kuwa mgumu, au mwanamume hupata busha, naye huanza kujificha: haendi kisimani watu wakiwapo, hakai mbele msikitini, haendi ngomani.

Dawa mbili, ivamektini na albendazoli, humezwa mara moja kwa mwaka. Haziondoi minyoo yote mikubwa, lakini husafisha vijinyoo kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Kwa hiyo inabidi wameze watu wengi, angalau 65 kati ya kila 100, kwa miaka isiyopungua mitano, wakiwemo wasioumwa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Unamwambiaje baba mwenye afya njema ameze vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao, na kesho akipata homa au kichwa kumuuma umweleze kwamba huenda ni vijinyoo vinavyokufa?

Mtumishi wa afya aliyekuja juzi na kivuko hawezi kulijibu swali hilo peke yake. Anahitaji mtu ambaye baba huyo anamjua: jirani aliyefundishwa kugawa dawa, imamu, mwalimu wa chuo. Naye anahitaji kujua kalenda ya watu anaowahudumia. Vidonge hivi huelekezwa vimezwe baada ya kula. Akipita mchana wa Ramadhani atakuta nyumba nzima imefunga, atarudi na dawa zake, na kuandika kwamba wamekataa. Hawakukataa. Yeye ndiye hakuuliza.

Mama aliye ndani ya arobaini naye hawezi kufuatwa kama mtu yeyote. Mjamzito, mgonjwa mahututi na mama aliyejifungua ndani ya wiki moja hawapewi ivamektini. Hali kadhalika mtoto asiyefikia urefu wa sentimita 90. Mgawaji hubeba fimbo ya kupimia kimo, kwa kuwa idadi ya vidonge hutegemea urefu. Mzazi ana haki ya kuuliza haya yote kabla mtoto hajameza.

Dua njiani

Kipo kipimo kingine, nacho hakisubiri kampeni. Ni usiku ule mtoto mwenye homa anapokakamaa, macho yakageuka na mikono ikatetema. Pwani huita degedege. Zamani wengi waliamini ni kazi ya ndege au sheitani, na kwamba sindano humuua mtoto mwenye hali hiyo. Imani hiyo bado ina watu, Mafia na kwingineko, Waislamu na Wakristo.

Daktari huona jambo jingine. Degedege lenye homa linaweza kuwa dalili ya malaria kali, na kila saa inayopotea ina thamani. Mlaze mtoto ubavu, legeza nguo, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu chochote, kisha mkimbize kwenye kituo cha afya hata kama ametulia.

Kwa anayeishi kisiwani, kukimbiza kunaweza kumaanisha kumwamsha mwenye mashua na kuangalia kama maji yamejaa au yametoka. Katika dakika hizo, mtu wa kwanza kugongewa mlango mara nyingi si mganga wa zahanati. Ni kiongozi wa dini. Akisema “mleteni nimwombee,” muda unakwenda. Akisema “twendeni, dua tutasoma njiani,” mtoto amepewa vyote viwili, na hakuna aliyevunjiwa imani yake.

Sentensi hiyo fupi, kutoka kwa shehe au mchungaji, ina uzito kuliko mabango mengi. Lakini hutoka kwa kiongozi ambaye aliwahi kukaa na muuguzi wakazungumza kabla ya usiku huo. Ndiyo maana elimu ya dini mbalimbali haiwezi kuwa anasa ya wasomi.

Mahali inapofundishwa

Afrika Mashariki inavyo vyuo vinavyojaribu kuifanya kuwa somo. Kule Kenya, Chuo Kikuu cha St. Paul’s kilichopo Limuru kilianza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, kama mahali pa kuwaandaa wachungaji. Leo kina kituo cha uhusiano wa Wakristo na Waislamu katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambako wakazi wengi ni Waislamu. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilichoanza mwaka 2005 kinawafundisha walimu ambao kesho watapangiwa wilaya yoyote, miongoni mwa watoto wa imani yoyote.

Kijana wa Mafia anayekwenda kusoma huko hubeba kitu ambacho wenzake wa mjini huenda hawana. Ameshaona nyumba ya Kikristo ikipelekewa sahani ya pilau siku ya Idi, na sahani hiyo ikirudishwa na kitu ndani, maana pwani sahani hairudi tupu. Ameona wanaume wa dini mbili wakishika jeneza moja hadi mahali ambapo kila upande unajua pa kusimama. Anachokwenda kukipata chuoni ni majina ya mambo aliyokwisha kuyaishi.

Kwa mzazi anayepanga safari

Familia inayotaka kuizuru Mafia huvutiwa na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Ni mpole na hula viumbe vidogo mno. Usimguse. Beba vyandarua, mafuta ya kufukuza mbu na vidonge vya kichefuchefu kwa ajili ya kivuko. Vaeni nguo za heshima vijijini, na mtoto afundishwe kupiga hodi na kuamkia shikamoo kabla ya kupiga picha.

Halafu mwacheni aulize. Kwa nini wanavua viatu? Kwa nini yule amevaa msalaba? Mzazi asiyejua jibu amwombe mwenyeji, kwa kuwa swali linaloulizwa kwa adabu halijawahi kumkera mzee wa Kimafia. Mtoto akimwona mzazi wake akijifunza kwa mtu wa imani nyingine, amepata somo ambalo watoto wa Kua na Kisimani hawakulipata.

Jioni, magharibi inapokaribia, mashua ya mwisho kutoka Chole hurudi Utende. Wavulana waliotoka chuo hukimbia ufukweni, kofia mfukoni. Mwenzao mmoja, mtoto wa mtumishi kutoka bara, amewasubiri na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Wanagawana timu haraka kabla ya adhana. Katika kugawana huko, hakuna anayeuliza nani anasali wapi. Wanauliza nani ni kipa.