Gitaa Moja, Vidole Viwili

Mjomba wangu aliapa kwamba wapigaji wa gitaa katika santuri ya "Masanga" ni wawili. Tulikuwa tukikaa nyumba za reli, Muthurwa, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950, nami bado mtoto wa kutumwa dukani. Santuri hiyo aliinunua kwa mshahara wake, akawa anairudia jioni nzima: mmoja anapiga nyuzi nene, mwenzake nyembamba. Nani ambishie mjomba?

Kisha mwenye wimbo huo, Mwenda Jean-Bosco wa Kongo, akaja mwenyewe kukaa Nairobi. Tulianza kumsikia redioni. Kiswahili chake cha Katanga kilituchekesha, "wako" kwao ni "beko", kana kwamba chetu cha Nairobi kilikuwa cha kujivunia. Jioni moja akapiga ukumbini, si mbali na kwetu. Nilipenya kati ya miguu ya watu wazima hadi mbele, nikakaa sakafuni. Gitaa kavu, halina umeme. Gumba lilikwenda zake kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikidonoa nyembamba, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kugonganisha michi. Vidole vingine vitatu vya mkono ule vilikuwa likizo. Niligeuka kumtafuta mjomba. Alikuwa ukutani, kofia mkononi, midomo imefumba.

Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, uliokuwa mji wa mtemi Msiri, aliyetoka pande za Unyamwezi. Watu wa Msiri ndio Bayeke wa jina lake kamili, Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, siku hizi Likasi, katika nchi ya shaba. Kijana wa miaka 22 hivi, na wimbo ule ukatufikia sisi Muthurwa.

Mjomba alinunua gitaa. Alifunga kipande cha penseli shingoni mwa gitaa kwa mpira, kupandisha sauti, akahangaika miezi. Gumba lilikubali, shahada ikagoma. Akaishia kugonga chupa ya soda wengine wakipiga, na kwa chupa, kusema kweli, hakuwa na mpinzani.

Bosco alifika hadi tamasha la muziki la Newport, Marekani, mwaka 1969. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Mjomba alikuwa ametangulia. Santuri yake ninayo, ina mkwaruzo mmoja. Mwenye gramafoni nzima ya kupigia santuri za kale, naomba anikaribishe kwake.