IST Mpya na Macho ya Mama

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilimpitia mama kwake Tegeta, nikamwambia tunakwenda Mwenge kuangalia gari. Neno "kuangalia" nililichagua makusudi. Hesabu nilikuwa nimeshaipiga: tuuze IST yake ya zamani, niongezee akiba yangu, tuchukue IST mpya, kadi iandikwe jina langu, halafu mimi ndiye niwe nampeleka kanisani, sokoni na kliniki. Yaani nilikuwa natafuta namna ya kumnyang'anya mama ufunguo bila yeyote kati yetu kulitamka hilo neno.

Najua hapa huwa tunaongea vitabu. Leo mnivumilie, naongelea gari dogo la bei nafuu.

Ukikaa Dar es Salaam huhitaji kuelezwa IST ni nini. Ndiyo gari la mwalimu, la nesi, la dereva wa Bolt, la kijana aliyepata ajira juzi, na ndilo linalotaniwa mitandaoni kuliko gari lolote, mara nyingi na watu wanaopanda daladala. Toyota walianza kuliuza Japani mwaka 2002, wakalijenga juu ya msingi wa Vitz. Mwaka 2007 wakalichora upya na kulipanua, na hilo la pili ndilo mtaani tunaloliita "IST mpya", ingawa waliacha kulitengeneza mwaka 2016. Upya wetu una tafsiri yake. Gari lina zaidi ya miaka kumi, limeshachoka mikononi mwa mtu mwingine huko Yokohama au Nagoya, likishushwa hapa bandarini ni jipya. TRA ndio wasiodanganyika. Kwao gari kuukuu lina ushuru wake wa ziada.

Jina lenyewe linafurahisha. "Ist" ni kile kipande cha mwisho cha maneno ya Kiingereza kama "artist" na "stylist". Mama, aliyefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nilipomweleza hivyo alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo nimetoa kiinua mgongo changu chote nikanunua kiambishi tamati?"

Na kweli alikitoa. Alistaafu mwaka 2016, akalipwa kabla ya kelele za kikokotoo za mwaka 2018, na hilo analitaja kila akikutana na wenzake waliostaafu nyuma yake, kwa sauti ya mtu aliyewahi boti ya mwisho. Watoto tulimshauri ajenge vyumba vya kupangisha. Kaka alimletea mpaka ramani. Mama akatusikiliza, akashukuru, akaenda kujiandikisha chuo cha udereva akiwa na miaka sitini, darasani na vijana wa kumi na tisa. Baada ya miezi miwili akanunua IST ya mwaka 2004, rangi ya fedha, namba D. Wiki ya kwanza aliligonga geti. Wiki ya pili alinipigia simu kutoka Bagamoyo. Nikamuuliza yuko na nani. "Niko na mimi," akasema.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini neno kunyang'anya lilikuwa zito.

Miaka miwili iliyopita waligundua ana presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi wala hauwashi. Unakula uoni kuanzia pembeni, taratibu, na kinacholiwa hakirudi. Matone ya kila siku kazi yake ni kulinda kilichobaki. Mara ya mwisho nilimsindikiza kupimwa. Unaingiza uso kwenye mashine, unaambiwa tazama katikati, kila ukiona nukta ya mwanga unabonyeza. Nilikaa nyuma yake nikihesabu mibonyezo. Kuna wakati ilipita kimya kirefu mpaka nikadhani mashine imezimika. Karatasi ilipotoka ilikuwa na weusi pembezoni, kama kuta za jikoni la kuni. Daktari akamwambia aache kabisa kuendesha usiku, na kuhusu mchana wangeongea vizuri akirudi. Mama akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba. Njiani akasema mashine zao zinachosha vidole.

Haya, gari. Yadi tuliyokwenda haina jina la kukumbukwa. Ina vumbi, mwarobaini mmoja, na dalali anayeita kila mwanamke dada isipokuwa mama yangu, ambaye alimwita bi mkubwa. IST yenyewe ilikuwa nyeusi, ya mwaka 2009, injini ya lita 1.5, bei milioni 18.5, "ila inaongeleka, dada, wewe ukae tu kwanza uisikie."

Nikakaa, nikaisikia. Nitasema haki yake. Kwa nje ni gari lililokua kiume. Lile la kwanza lina sura ya mtoto mwenye mashavu, hili limepandisha mabega. Upana umepita mita 1.7, ambao kwa Wajapani ndio mpaka wa daraja la magari madogo, kwa hiyo kwao hili lilihama daraja kwa sentimita chache tu. Ndani, sentimita hizo unaziona. Mabega yangu na ya mama hayakugusana, wakati kwenye lile la zamani tunakwenda kama ndizi kwenye chane. Siti zinakushika vizuri. Tairi ni za inchi 16 badala ya 15, barabara ya mtaani kwetu ikapungua makali kidogo, ingawa siku ya kununua tairi nne mpya utaikumbuka hiyo inchi moja.

Mwendo wake ni mwingine kabisa. IST ya zamani ina gia nne na kila moja unaisikia ikiingia, kama mtu anayepanda ngazi akihema. Hii haina ngazi. Unakanyaga, injini inapandisha sauti moja ndefu, gari linafuata nyuma yake. Fundi wangu haipendi gia ya namna hii. Anasema ukikosea oili yake umeua, na mtaani wanaoikosea ni wengi. Mimi niliipenda kwenye foleni. Kutoka Mwenge hadi Makongo ni kusogea na kusimama, na hapo haikunikera hata kidogo. Buti ni dogo. Magunia mawili ya mkaa na ugomvi umeanza.

Kasoro kubwa ni kuona nyuma. Ile nguzo kati ya mlango wa nyuma na kioo cha buti wameifanya nene mno. Kwa kuipendezesha sura wameziba dirisha, na ukitaka kurudi nyuma unategemea vioo vya pembeni na huruma ya wapita njia. Kwa jiji lenye bodaboda kama letu hilo si jambo dogo.

Mama hakuyajali hayo. Alipokaa kushoto kwangu alitazama dashibodi, akainama, akanyoosha shingo upande wangu kama anayechungulia mtihani wa mwenzake.

"Spidi iko wapi?"

Nikamwonyesha. Kwenye IST ya kwanza saa ya spidi iko katikati ya dashibodi, inaonekana na dereva na abiria wake. Kwenye hii wameihamishia nyuma ya usukani: duara moja, mshale wa spidi na wa mizunguko ya injini pamoja, na anayeiona sawasawa ni anayeendesha peke yake. Waandishi wengi wa magari hulihesabu hilo kuwa maendeleo, na nadhani wana hoja. Macho ya dereva hayahangaiki. Ila mimi ni mtoto wa mwalimu. Tangu niliposhika usukani wa lile gari la fedha nimeendesha nikisomewa spidi. "Hamsini na nane," mama anasema, bila lawama, kama anayeita mahudhurio. Napunguza. Ameniokoa na matochi ya trafiki mara nyingi kuliko ninavyokubali mbele yake.

"Kwa hiyo hapa abiria anakaa tu," akasema.

"Anapumzika, mama."

"Anapumzika," akarudia, kwa ile sauti yake ya kusahihisha insha.

Tukageuza. Tulipoingia barabara ya ndani, ya vumbi na tulivu, akasema anataka kulijaribu. Dalali nyuma akafurahi. Mimi nilikuwa na sekunde tano za kusema hapana, na kila hapana niliyoifikiria ilikuwa na ile karatasi ndani yake. Nikasimamisha gari, tukabadilishana viti.

Alirekebisha kiti, vioo, mkanda, kwa mpangilio alioufundishwa chuoni. Akaondoka vizuri, vizuri kuliko mimi. Mama haendeshi kwa haraka wala kwa woga. Kwa dakika kama tatu nilijiona mjinga, nikaanza kufikiria labda kweli mashine zao zinachosha vidole.

Bodaboda ilitoka kwenye kichochoro, mkono wa kushoto, mbele yetu. Haikutoka kwa kasi. Ilikuwa na abiria mmoja, dada mwenye ndoo ya rangi ya bluu. Niliiona mapema kabisa, nikasubiri mama aguse breki. Nikaendelea kusubiri. Kisha nikapiga kelele, "Mama!", na mguu wangu ukakanyaga sakafu upande usio na breki. Gari likasimama. Dereva wa boda akapita, akatutazama, akasema neno ambalo sitaliandika. Ndoo haikumwagika. Ningeweza kupima umbali uliobaki kwa rula ya shule.

Hakuna aliyeongea. Halafu dalali, Mungu ambariki, akakohoa. "Bi mkubwa, si kosa lako. Gari hizi zina ile nguzo, inaficha watu. Ukizoea utaona kawaida."

Mama akashika neno lile kama mtu anayeshika bomba la daladala. "Ndiyo. Gari hili halioni pembeni." Akanigeukia. "Umeona? Halioni pembeni."

Mimi hupokea mshahara kwa kuuliza watu maswali wasiyoyataka. Nimewahi kumkatiza mkurugenzi katikati ya hotuba nikamwambia tarakimu zake hazijumliki. Nikamjibu mama: "Kweli. Ile nguzo ni mbaya sana."

Nguzo iko nyuma. Boda ilitokea mbele.

Gari hatukununua. Dalali alishusha mpaka milioni 17 na laki nane, akaniandikia namba yake kwenye risiti ya sheli, na kwa wiki mbili akanitumia picha za gari lilelile akiwa ameliosha upya. Kama mnaniuliza kama gari tu: ni zuri, pana, tulivu, buti baya, nyuma halioni, na kwa mtu anayetoka kwenye IST ya kwanza ni hatua ya kweli. Mkilipata lililotunzwa, na fundi akaikagua gia, chukueni.

Jioni ile tulirudi Tegeta na gari la fedha. Nilimsaidia kuosha vyombo. Taa ya jikoni iko juu ya sinki, na nikagundua vikombe vya pembeni anavitafuta kwa kupapasa, wala hageuzi kichwa. Sijui ameanza lini. Alikuwa anasuuza sahani, mgongo kwangu.

"Ile nguzo iko nyuma, mwanangu."

Nikanyamaza.

"Mimi nilikuwa naenda mbele."

Akaiweka sahani kwenye kichanja. Nilitaka kusema kitu kuhusu matone, daktari, maendeleo ya tiba. Akaniwahi. Akasema yule dada mwenye ndoo alikuwa mdogo, kama wale wa kidato cha pili, na kwamba mchana kutwa amekuwa akijaribu kukumbuka alimwona akitokea wapi, na hakumbuki, kwa sababu hakutokea. Alikuwepo tu, ghafla, amejaa kiooni. "Sasa najiuliza," akasema, "wako wangapi wengine ambao nimeshawapita."

Ufunguo hakunikabidhi usiku ule. Ulikaa msumarini nyuma ya mlango wiki nzima. Jumapili nilipokuja kumchukua kwenda ibadani nilimkuta ameshakaa kwenye gari, kiti cha kushoto, mkanda amefunga, ufunguo upo kwenye swichi. Hatukulijadili. Nikarudisha kiti nyuma, maana ana miguu mifupi, nikawasha. Injini ikatetemeka kidogo kama kawaida yake. Nahisi ni plagi.

Tukatoka hadi barabara ya Bagamoyo, haikuwa na foleni, nikakanyaga.

"Sitini na mbili," akasema mama.