Kafala Mbili

Chumba cha tatu cha nyumba hiyo ya Ramisi kilikuwa ghala la nazi na magunia ya mahindi. Sasa kimepakwa chokaa, kikatiwa kitanda kidogo cha mbao na kutundikwa chandarua. Anayengojewa ni mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyezaliwa Riyadh, ambaye hajapata kuiona Kwale. Wanaomngoja ni mke na mume waliokaa katika ndoa miaka kumi na mmoja bila kujaliwa mtoto. Mamake mtoto ni mdogo wake mke, wa tumbo moja, aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani.

Kenya inapozungumzia kuasili watoto na nchi za ng'ambo, aghalabu huzungumzia mtoto anayetoka. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Mtoto anayeingia hazungumzwi sana, na pengine ndiyo maana wawili hawa walipoanza kuuliza njia, kila afisi iliwaelekeza kwenye afisi nyingine.

Kule alikokwenda, mdogo mtu alikutana na neno kafala. Kwa miongo mingi utaratibu wa kazi uitwao kwa neno hilo ulikifunga kibali cha ukaazi cha mfanyakazi mgeni kwa mwajiri mmoja, kafili wake. Akitaka kubadili kazi au kuondoka nchini, alihitaji idhini ya huyo. Saudia iliulegeza utaratibu huo Machi 2021, ila wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya nafuu hiyo. Anayetoroka nyumba ya mwajiri huwa amepoteza kibali, na huishi kwa kujificha. Mdogo mtu alitoroka. (Sababu alimweleza dadake peke yake, na hapana haja zijulikane hapa.) Akawa anaishi chumba kimoja na Wakenya wenziwe, akifanya vibarua, hata akashika mimba na kujifungua nje ya ndoa, katika nchi ambamo cheti cha kuzaliwa hutanguliwa na cheti cha ndoa. Asiye na cheti hapati pasipoti, na asiye na pasipoti hapati ruhusa ya kutoka. Mama angeweza kurudishwa kwao. Mtoto hakuwamo katika daftari lolote. Hakutaka kumwacha, basi akabaki.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14, inamtambua mtoto huyo kuwa raia wa kuzaliwa, maadamu mamake ni Mkenya, hata kama amezaliwa ughaibuni. Chini ya katiba iliyotangulia, mtoto aliyezaliwa nje alifuata uraia wa baba. Kwa hiyo haki ipo. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemzaa mtoto huyu. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilituma maafisa Saudia kuchukua sampuli za akina mama na watoto wa aina hii, ili vinasaba vithibitishe kile ambacho hakikuandikwa. Mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Vinasaba: neno hili lilibuniwa juu ya nasaba, na nasaba ndiyo iliyozusha ubishi mrefu zaidi katika nyumba ya Ramisi. Dada wawili walikwisha kukubaliana kwa simu: mama na mwana watarudi pamoja, mwana atabaki Ramisi alelewe, mama atatafuta riziki Mombasa au popote itakapopatikana. Mume hakupinga kumpokea. Alitaka tu mambo yaandikwe. Alitaka kuasili, kwa maana kamili ya kisheria: jina lake likae penye jina la baba, na mtoto asije akachukuliwa tena atakapokuwa amekwisha kuzoeleka. Mtu aliyengoja miaka kumi na mmoja ana haki ya hofu hiyo. Na lugha inamuunga mkono, kwa kuwa kuasili kumetokana na asili. Ni kumpa mtu asili mpya, kana kwamba aliota papo hapo alipopandikizwa.

Alipompelekea ustadhi swala lake, alijibiwa kwa upole kwamba asili haipewi mtu mara mbili. Uislamu unahimiza kumlea asiye na mlezi, bali haumruhusu mlezi kuifuta nasaba ya mtoto na kumwita kwa jina lisilo lake. Malezi hayo yana jina, nalo ni kafala. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 nayo imeyatambua kwa jina hilohilo, kuwa ni njia ya Mwislamu kumlea mtoto aliyekosa malezi ya wazazi wake. Mtoto wa kafala harithi kama mwana wa kuzaa, lakini mlezi anaweza kumwachia kwa wasia hadi thuluthi moja ya mali yake.

Mke aliposikia neno hilo alishtuka. Alikuwa amelisikia miaka kadhaa katika simu za usiku, likiwa na kilio ndani yake. Kafili aliyemfungia mdogo wake mlango, na kafili ambaye sasa yeye mwenyewe anatakiwa awe, ni mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kudhamini na kubeba jukumu la mwingine. Neno halina kosa. Lakini linaonyesha jinsi dhamana inavyoweza kugeuka umiliki pale mdhaminiwa anapokosa pa kusemea, na hatari hiyo haiko Riyadh tu. Mume anayetaka mtoto asichukulike tena, ingawa anasema hivyo kwa mapenzi, anasimama karibu na mpaka huo kuliko anavyodhani. Mkewe alimwambia, "Mume wangu, huyu ana mamake. Sisi tunamwongezea, hatumpokonyi."

Hapo pia ndipo penye utata wa kisheria. Mama yu hai. Je, mtoto mwenye mama aliye hai na anayempenda amekosa malezi? Afisa wa watoto hakuwajibu papo hapo. Alitaka kwanza kumsikia mama mwenyewe. Ni jibu la busara, hata kama lilimkasirisha mume.

Wazee wa Kidigo hawakuona utata wowote. Kwao mtoto ni wa fuko la mamake. Zamani hata urithi ulitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kabla sheria ya Kiislamu haijashika mahali pa mila hiyo. Wale wasemao kitanda hakizai haramu walinyamaza kidogo, kwa kuwa hapa hapakuwa na kitanda cha ndoa, kisha bibi mmoja akasema kwamba tumbo nalo halizai mgeni. Ustadhi naye aliwakumbusha kisa cha binti ya Hamza, ambaye Mtume alimkabidhi kwa dadake mamake, mke wa Jaafar, akimweka mama mkubwa na mama mdogo katika daraja ya mama.

Ila Ramisi inajua pia kwamba kukubaliwa na majirani hakutoshi. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale walizaa na kuzikana hapa kwa vizazi bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwenda Nairobi kudai uraia, na mwanzoni mwa 2017 wakapewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Mume amekua nao, amecheza nao mpira, na aliwaona wakiacha shule na kukosa kazi kwa ajili ya karatasi. Ndiyo maana hakubali kuambiwa kwamba anasumbukia jina tu.

Kwa sasa wamekubaliana juu ya kafala, kwa idhini ya mama itakayotolewa mbele ya afisa, na mtoto abaki na jina alilopewa na mamake. Kwenye simu huchanganya Kiarabu na Kiswahili cha chumba kile cha Riyadh. Amefundishwa kumwita mke "mama mkubwa," na bila kufundishwa akamwita mume "baba," neno ambalo hajawahi kuwa na mtu wa kumwitia. Mume hakumsahihisha, wala mke.

Kibali cha safari hakijatoka. Wiki iliyopita mume alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani kuuliza kama mtoto asiye na cheti anaweza kuandikishwa. Aliambiwa aje naye kwanza.